Msafara wa mashua za tanga: Karange, Maziwe hadi Pangani. Nijiunge sasa au nisubiri msimu?

#1 Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua bahari ya Tanga.

Kuna kundi hapa mjini linaandaa safari ya pamoja ya vyombo vya tanga. Baadhi wana mashua zao, wengine ni wavuvi wa Sahare na Mwambani waliokubali kukodisha ngalawa na wao wenyewe kuwa manahodha. Mashine zitakuwepo kwenye vyombo vichache, kwa dharura tu. Wazo lao ni kuondoka Tanga, kupita visiwa vya Yambe na Karange, kulala Kigombe, siku ya pili kisiwa cha Maziwe na Pangani, halafu kuendelea kusini kwa Kipumbwi na Saadani mpaka Bagamoyo. Tarehe waliyotaja ni wiki ya kwanza ya Agosti ili watu wautumie muda wa mapumziko ya Nanenane.

Mimi sina chombo. Wanasema nafasi ipo, nichangie chakula, maji na gharama za chombo nitakachopangiwa, na nifanye kazi kama baharia mwingine yeyote. Hilo la kufanya kazi ndilo limenivuta. Watoto wengi wa mji huu bahari tunaijua kwa kuitazama kutoka Raskazone jioni. Nimezaliwa hapa, kisiwa cha Toten nakiona kila siku, lakini nikiambiwa nishike demani, ile kamba ya kuongozea tanga, sijui nianzie wapi. Natamani kujifunza kabla wazee wanaojua hawajaisha.

Maswali yangu: Agosti ni sawa? Nimuulize nini mwandaaji kabla ya kutoa pesa? Na je, mtu asiyejua kusafiri kwa tanga anafaa kuingia kwenye safari ya namna hii, au atakuwa mzigo?

Naomba kuwasilisha.

#2 Kijana wa Makorora

Nenda mkuu, usiwaze sana. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Na mkifika Pangani mngekatiza kabisa mpaka Misali, Pemba, mkaone maji ya buluu yenyewe. Nipo tayari kujiunga.

#3 Mzee wa Sahare

Mleta uzi, mwanangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa pesa. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe linanigusa.

Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo huo unakaza, na nje ya miamba kuna nyakati unafika noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa. Nyinyi mnataka kwenda Bagamoyo, yaani kusini. Upepo usoni, mkondo usoni.

Sasa fanya hesabu. Mashua yetu haibani upepo kama boti za mbio. Ikijitahidi sana bado inakwenda nyuzi kama 60 kutoka upande upepo unakotoka. Kwa pembe hiyo, ili usogee maili moja kwenda mbele unatembea maili mbili za kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu na huu dhidi ya upepo. Chombo kikienda noti 4, kwa kweli unasogea maili 2 kwa saa. Toa mkondo wa noti moja na nusu tu, si hiyo 4 niliyoitaja. Umebaki na nusu maili kwa saa. Kutoka Tanga hadi Bagamoyo ni kilomita 150 hivi kwa mstari ulionyooka, maili za bahari kama 80. Hiyo ni safari ya wiki nzima usiku na mchana bila kulala popote, na hakuna baharia anayefanya hivyo kwa kupenda.

Halafu watu husema "tutabisha" kana kwamba ni kugeuza usukani tu. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini. Kubadili upande, nahodha anaachia chombo kiangukie na upepo mpaka shetri, nyuma ya chombo, ipite upande wa pili. Demani inalegezwa. Watu wawili au watatu wako omo, mbele ya chombo, wanaivuta foromali mpaka isimame wima karibu na mlingoti, wanaizungusha kwa mbele ya mlingoti huku tanga linapiga, kisha goshi, kona ya mbele ya tanga, inafungwa upande mpya na demani inavutwa tena. Muda wote huo chombo kinarudi nyuma ulikotoka. Asubuhi kwenye maji tulivu ni kazi nzuri ya kumfundishia kijana. Saa 8 mchana, kusi la Agosti limekaza na sitaha imelowa, foromali ikimponyoka mtu inavunja mkono. Msafara wenye watu wapya nusu yake hauwezi kufanya hivyo kutwa nzima.

Wazee hawakushindana na upepo. Walishuka kusini na kaskazi, kati ya Desemba na Februari, wakarudi na kusi baada ya masika. Kwa hiyo wanaotaka Bagamoyo wana njia mbili: wakaanzie huko Bagamoyo mwezi Agosti na kumalizia Tanga, upepo na mkondo vikiwasukuma, au wasubiri kaskazi ndipo waondoke hapa. Ratiba ya likizo isiwe ndiyo inayopanga mwezi.

Kuhusu wewe kuwa mzigo: hapana. Mgeni anayesikiliza ni bora kuliko mjuzi anayebishana na nahodha.

#4 Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Hesabu hii nimeisoma mara kadhaa na nimewatumia waandaaji.

Tatizo ni kwamba vyombo vyote viko Tanga, na hakuna anayeweza kuviacha Bagamoyo miezi mitatu akingoja kusi. Je, tukikata Bagamoyo tukabaki na visiwa vya huku, mwisho Pangani na kurudi? Hapo napo si tunakwenda kusini vilevile?

#5 Mzee wa Sahare

Marahaba. Hapo ndipo pana akili ya kutumia.

Ni kusini, ndiyo, lakini ni kama kilomita 40 tu kwa mstari hadi Pangani, na kuna vitu viwili vya kuwasaidia. Kwanza, msitoke nje. Kutoka Tanga kwenda Kigombe kuna miamba na mafungu yanayovunja mawimbi, na ndani yake mkondo hauna nguvu kama ule wa nje. Pili, umande, yaani upepo wa nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, alfajiri upepo unatoka bara, unakuja ubavuni. Kwa upepo huo unakwenda kusini bila kubisha. Kawaida unakufa saa 3 au saa 4 asubuhi, kunatulia kidogo, ndipo upepo wa bahari unaingia. Mvuvi wa Mwambani anatoka usiku na kurudi mchana kwa sababu hiyo hiyo.

Agosti umande upo, lakini kusi likiwa limeshika linaweza kuumeza siku mbili tatu mfululizo. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba kusi limelegea, msimu huo nao tunauita demani kama ile kamba, na umande unakuwa wa kutegemewa zaidi. Ningekuwa mimi ningepeleka safari wakati huo. Kwenda: hatua fupi za alfajiri. Kurudi: siku moja tu, upepo nyuma na mkondo unawasukuma.

Na mwangalie mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, pwani yetu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tazama inavyokaa vizuri. Siku ya kwanza mnafika Kigombe alasiri maji yamejaa, vyombo vinasogea karibu na pwani. Usiku vinakaa juu ya mchanga, watu wanalala. Saa 10 alfajiri vinaelea tena, mnaondoka na umande. Saa 4 mko Maziwe, maji yamekupwa, fungu lote liko wazi. Adhuhuri upepo wa bahari unaamka, na kutoka Maziwe Pangani iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo ni upepo wa nyuma mpaka mlangoni. Saa 10 jioni maji yamejaa tena, mnaingia mtoni.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa na kupwa kidogo, hesabu hiyo inageuka yote. Mtafika Kigombe jioni pamekauka, mtatembea kwenye matope na mizigo kichwani.

#6 Mwalimu wa Jiografia

Mzee nakuheshimu, na kuhusu upepo sina la kuongeza. Kuhusu bamvua nina hofu.

Bamvua za karibu na Septemba na Machi ndizo kubwa kuliko zote mwakani, kwa sababu jua liko juu ya ikweta. Hapa Tanga tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inazidi mita 3. Maji yote hayo yanaingia na kutoka Mto Pangani kwa muda wa saa sita. Mto wenyewe unashuka na maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru. Yakianza kukupwa huku upepo wa bahari unavuma kuelekea nchi kavu, mawimbi yanasimama pale mlangoni na kuvunjika juu ya mafungu. Ngalawa iliyochelewa saa moja na nusu tu itakuta mlango mwingine kabisa.

Pendekezo langu: chukueni bamvua ya Oktoba badala ya Septemba, na siku ya kuingia Pangani iwe siku yenyewe ya mwezi mpevu, si siku mbili tatu baadaye. Maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku, ingawa siku za bamvua ni pungufu kidogo ya hapo. Mkichelewa siku tatu, kujaa kunaangukia magharibi na mtaingia gizani.

#7 Mzee wa Sahare

Mwalimu, hapo umesema kweli tupu na mimi nakubali. Oktoba. Nami naongeza: chombo ambacho kitakuwa hakijafika mlangoni saa 11 jioni kisijaribu. Kigeuze kiende Ushongo, kijiji cha pwani kusini mwa Pangani, kitie nanga, watu wateremke ufukweni na wapande gari kwenda Pangani mjini. Hakuna aibu. Jambo hilo lisemwe kabla ya safari, wote wakubali, kwa sababu mtu akiona wenzake wameshaingia atataka kuwafuata.

#8 Binti Pangani

Habari zenu. Mimi niko huku huku, acha niseme kuhusu Maziwe kwa sababu naona wengi wanakiita kisiwa wakidhani kuna kivuli.

Hakuna mti. Zamani palikuwa na msitu wa mivinje, wazee wa hapa wanaukumbuka vizuri, lakini bahari ilikila kisiwa na miti ya mwisho ikaanguka kabla ya katikati ya miaka ya 1980. Leo ni fungu la mchanga mweupe katikati ya matumbawe, na bamvua ikijaa linazama. Kwa hiyo kulala pale haiwezekani. Kasa bado wanakuja kutaga, na kwa kuwa mayai yakiachwa yataoza kwa maji ya chumvi, huhamishiwa ufukweni Ushongo mpaka yaanguliwe. Naomba sana msafara wenu usipeleke watu kukimbiakimbia sehemu ya juu ya mchanga. Mkiona njia pana kwenye mchanga kama tairi la trekta limepita, mzunguke mbali, hapo kasa amepanda.

Maziwe limetengwa tangu mwaka 1975. Kuna kiingilio, kilipeni mapema kwa watu wa Hifadhi za Bahari ili msianze kutafutana majini. Nanga msitupe kwenye matumbawe, kuna sehemu za mchanga. Na nyinyi mtakuwa mmeshapita ndani ya hifadhi nyingine bila kujua: Toten, Yambe na Karange ziko ndani ya Hifadhi ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale anayekaa kwenye kina kirefu hapo nje. Waandaaji wawaombe watu hao wa Hifadhi za Bahari ruhusa zote kwa pamoja.

Swali langu sasa. Wanawake wanakaribishwa? Nataka kujiunga kutokea Pangani kwa safari ya kurudi. Mama yangu ananiuliza choo kiko wapi, nami sina jibu la kumpa. Na mtu anayechafukwa na roho afanyeje?

#9 Mtoto wa Chumbageni

Dada, wanawake wanakaribishwa, nimeuliza leo hii hii. Wamo wawili tayari, mmoja ni nahodha wa mashua yake mwenyewe. Mambo ya choo nitayafuatilia.

#10 Fundi wa Mbao

Nijibu la choo kwanza. Kwenye jahazi kubwa kinatengenezwa kibanda kidogo cha mbao shetri, kinaning'inia nje. Mashua ndogo hazina. Suluhisho ni ndoo yenye kifuniko na turubai la kuzungushia, na iandikwe kabisa kuwa kila chombo chenye mwanamke kiwe navyo. Mwandaaji akicheka ukiuliza hivyo, usiende naye. Anayechafukwa na roho akae katikati ya chombo karibu na mlingoti, pasiporushwa sana, atazame mstari wa nchi kavu na si miguu yake, atafune tangawizi na asiache kunywa maji. Tumbo tupu ni baya zaidi kuliko tumbo lenye muhogo kidogo.

Sasa la kwangu. Mleta uzi umeuliza mwandaaji aulizwe nini. Mwambie akupeleke ukaione mashua ikiwa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Usikubali kuoneshwa ikielea.

Inama chini ya tumbo lake. Pita na kidole kwenye maungio ya mbao. Pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio, iliyo nzima imekaza, imeshika mafuta, kidole kinateleza. Iliyochoka inatoka kama uzi ukiichokoa kwa ncha ya kisu, na ukiinusa ni ukungu. Angalia vichwa vya misumari: wekundu unaotiririka kwenye ubao maana yake msumari unaliwa na kutu ndani. Gonga ubao kwa mpini wa kisu kutoka omo hadi shetri. Sauti inabadilika ukifika penye ubao uliooza, utaijua hata kama hujawahi kuisikia. Ingia ndani, uangalie ngama, chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika. Maji kidogo hayanitishi, mashua zote za mbao zinavuja. Ninachotaka kujua ni yanarudi kwa kasi gani baada ya kufuliwa. Yafueni yaishe, kaa nusu saa, tazama.

Na jambo hili watu wa safari za likizo hulisahau kila mara: mashua iliyokaa juu nchi kavu miezi miwili haiondoki kesho yake. Mbao zimekauka, zimeachana. Inatakiwa ikae majini siku kadhaa zivimbe na kufumba zenyewe. Ukiona mashua inateremshwa majini asubuhi ya safari, chukua begi lako urudi nyumbani.

Ngalawa ni jambo tofauti kwa sababu gogo ni moja, halina maungio mengi. Hapo angalia kamba zinazofunga mirengu, ile miti ya pembeni inayozuia ngalawa isipinduke. Zikiwa zimechanika au ni viraka vya kamba za aina tatu, omba zifungwe upya zote.

#11 Kijana wa Makorora

Mbona hakuna anayezungumzia Misali? Kutoka Tanga ni kama kilomita 60 tu. Kwa upepo mzuri si kutwa moja?

#12 Mpemba wa Wete

Kaka yangu, mimi ndiye mwenyeji wa upande huo na ningefurahi kukupokea, lakini usije kwa ngalawa ya kukodi wala kwenye msafara wa wanaojifunza.

Unguja iko juu ya kina kifupi, imeungana na bara kwa chini. Pemba haiko hivyo. Kati yenu na sisi kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na maji ya bahari kuu yanapita pale kwenda kaskazini bila kizuizi chochote. Huku kwenu mkiharibikiwa mnatupa nanga. Katikati ya Mkondo wa Pemba nanga haifiki chini. Foromali ikivunjika saa 6 mchana, jioni mko mbele ya Ras Kigomasha na kesho yake mko upande wa Kenya. Wavuvi wetu wenye mashine zilizozima yamewakuta hayo.

Na kwa kusi, ukitoka Tanga hulengi Misali. Inabidi ulenge mbali kusini yake, ukijua mkondo utakurudisha. Yule anayelenga kisiwa chenyewe anakikosa kwa upande wa kaskazini. Hiyo ni safari ya nahodha aliyeizoea, chombo kikubwa chenye mashine inayowaka, na idhini za pande zote mbili, bara na visiwani. Misali nayo ni ya hifadhi.

Anza na Karange. Ukiipenda bahari, Misali haitahama.

#13 Kijana wa Makorora

Nimekuelewa kaka, asante kwa kunieleza bila kunikemea. Naomba niwekwe kwenye orodha ya Pangani tu.

#14 Mama wa Ngamiani

Nimesoma uzi wote na nashukuru kwa wataalamu. Naomba niseme la usalama, kwa sababu niliwahi kupanda safari ya visiwa iliyoandaliwa na watu ambao sitawataja. Jaketi okozi zilikuwepo, ila zilikuwa chache kuliko watu na zilikuwa zimefungwa kwa kamba chini ya magunia ya mkaa. Nilipouliza niliambiwa "mama, leo bahari shwari". Nilikaa safari nzima nimemshika mwanangu.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Kila mtu avae jaketi yake tangu nchi kavu, mtoto awe na ya saizi yake. Chombo kiwe kimekaguliwa na kusajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kwa kazi ya kubeba watu, si cha kubebea mbao kilichopakwa rangi. Muondoke mahali panapojulikana na orodha ya majina iachwe nchi kavu. Msiondokee bandari bubu kwa kukwepa maswali, maana chombo kikichelewa kurudi hakuna hata mmoja atakayejua kwamba kilitoka. Nchi hii iliona Septemba 2011 na Julai 2012 meli mbili zikizama katika njia za Zanzibar. Hizo zilikuwa meli, na sisi tunazungumzia ngalawa.

Pia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe jioni kabla ya safari mbele ya watu wote. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, safari iahirishwe bila kikao. Na pesa za watu zirudishwe au zisogezwe mbele. Ulizeni hilo la pesa mapema, kwa sababu mwandaaji ambaye hawezi kurudisha pesa ndiye atakayelazimisha kuondoka.

#15 Mwalimu wa Jiografia

Mama, hoja yako ya mwisho ni nzito kuliko zote zilizoandikwa humu. Naunga mkono.

Niongeze mawasiliano. Simu zinashika sehemu kubwa ya njia hii, lakini msizitegemee peke yake. Chombo cha kwanza na cha mwisho viwe na redio ya VHF, wasikilize chaneli 16. Cha mwisho ndicho kiwe na mashine nzuri kuliko vyote na nahodha mzoefu, na kisimpite mtu yeyote. Mwendo wa msafara ni wa chombo kizito kuliko vyote. Mkiondoka bandarini mjue kuwa tangu gati za Tanga zichimbwe kina, meli kubwa zinaingia na kufunga hapo hapo, na meli haiwezi kukukwepa ndani ya mfereji wake. Vukeni mfereji haraka na kwa pamoja, msikae ndani yake mkipiga picha.

#16 Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, mrejesho.

Jana jioni tulikaa na waandaaji, nikawasomea uzi huu wote. Kulikuwa na ubishi. Wawili walishikilia Agosti, wakisema wana mashine na wangeweza kuvuta wengine. Nahodha mmoja wa Mwambani, mzee mtaratibu sana, aliwauliza mafuta ya kuvuta vyombo vinane mpaka Bagamoyo atalipa nani, na kamba za kuvutia ziko wapi. Hapo mjadala uliisha.

Yaliyokubaliwa: Bagamoyo imeondolewa mwaka huu. Wenye nia ya Bagamoyo watazungumza upya kaskazi ikikaribia. Safari ni bamvua ya mwezi mpevu wa Oktoba. Siku ya kwanza Tanga, Yambe, Karange mpaka Kigombe. Siku ya pili, ambayo ndiyo ya mwezi mpevu, Maziwe na Pangani. Siku ya tatu kupumzika Pangani. Siku ya nne kurudi moja kwa moja, kuondoka mtoni alfajiri maji yakiwa bado yamejaa kabla hayajaanza kukaza kutoka. Kwa kuwa tutatoka Kigombe bado kuna giza, hata kama mbalamwezi ipo, tutatanguliwa na nahodha wa Kigombe mwenyewe anayeijua miamba ya pale, na analipwa kwa kazi hiyo.

Lililotuchukua muda mrefu ni nani atoe amri ya mwisho. Kila mwenye chombo alitaka kuwa na sauti. Manahodha wengi chombo huenda mrama, hilo tunalijua toka utotoni, lakini kulikubali mbele ya watu ni kazi. Mwisho wamemchagua yule mzee wa Mwambani awe mkuu wa msafara. Akisema hatuondoki, hatuondoki. Kila nahodha amebaki na haki ya kukataa kuendelea kwa ajili ya chombo chake, lakini hana haki ya kuendelea pale mkuu amesema tusimame.

Ushongo imewekwa kama kimbilio rasmi, saa 11 jioni ndiyo mpaka. Mama wa Ngamiani, pesa zinakaa kwa mweka hazina ambaye hana chombo katika msafara, na safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa mtu anachagua kurudishiwa au kusubiri. Jaketi zitahesabiwa nchi kavu, kila mmoja akiwa ameivaa. Maombi ya vibali vya hifadhi yanapelekwa wiki hii kwa pamoja.

Dada Pangani, ndoo, kifuniko na turubai vimeandikwa kwenye orodha ya kila chombo. Mwambie mama.

#17 Binti Pangani

Nimemwambia. Amesema anataka kumwona nahodha kwanza uso kwa uso. Atakuja gatini siku mtakayofika. Niwekeeni nafasi, na niambieni nilete nini.

#18 Mtoto wa Chumbageni

Karibu sana dada, na mama anakaribishwa kupanda aikague mashua mwenyewe.

Lete maji ya kunywa lita 5 zako binafsi, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, shati la mikono mirefu, nguo za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, viatu vya plastiki vya kukanyagia matumbawe, tochi ya kichwani, na tangawizi. Simu na pawabenki kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Wali na samaki tunapika kwa zamu kwenye sanduku la mchanga, kwa hiyo usibebe jiko. Begi liwe laini, masanduku magumu yanaumiza watu chombo kikiyumba.

Kwa wengine wote mnaotaka kujiunga: Jumamosi hii maji yanakupwa asubuhi, mashua zote zitakuwa juu ya mchanga Sahare. Fundi wa Mbao amekubali kuja na kisu chake kuzikagua moja moja mbele yetu. Mzee wa Sahare naye ameniahidi kwamba baada ya ukaguzi atatufundisha wageni kuzungusha foromali nchi kavu, mpaka kila mtu ajue anashika kamba gani. Tukutane saa 3.

#19 Mzee wa Sahare

Saa 2 na nusu, mwanangu. Saa 3 jua limeshakuwa kali na nina watu wengi wa kufundisha.

#20 Mtoto wa Chumbageni

Saa 2 na nusu, mzee. Nimebadilisha kwenye tangazo.